UZI: Kikao cha mpango wa elimu wa mtoto mwenye mahitaji maalumu, mzazi wa Tanga aende na nini?

#1 Mwalimu wa Kitengo

Assalaam alaykum, na wengine habari za jioni.

Kila mwezi wa kumi, uandikishaji wa awali na la kwanza ukianza, maswali ni yale yale. Mtoto ana mtindio wa ubongo, au usonji, au hasikii vizuri, mwalimu mkuu amesema "njooni tukae tumpangie", na mzazi hajui aende na nini mkononi. Nimefungua uzi huu ili wenye ujuzi wachangie, kila mtu kwa fani yake. Tafadhali msiweke jina wala picha ya mtoto humu.

La kwanza kulijua: karatasi ya daktari inasema mtoto ana nini. Haisemi anashikaje penseli, anakaa dakika ngapi bila kunyanyuka, wala akibanwa na haja anasemaje. Mwalimu anapanga kwa haya, na anayeyajua ni wewe. Ukienda na karatasi ya hospitali peke yake, mpango utaandikwa kwa kukisia.

Wiki mbili kabla ya kikao, tenga daftari dogo. Usiandike insha. Andika saa, alikuwa anafanya nini, amefanya mwenyewe hadi wapi, amesaidiwa wapi. Mfano: "Kula: kijiko anashika mwenyewe, wali unamwagika nusu, uji hawezi." "Choo: anasema akishajikojolea." "Kukaa: dakika 6 akiwa na kazi ya mikono, dakika 2 akisikiliza hadithi." Pima kwa simu. Hizo 6 na 2 ndizo zitamwonyesha mwalimu akate kazi vipande vya urefu gani. Ukisema "huyu hatulii kabisa", umemwacha hana pa kushika.

Andika na anachokiweza. Wazazi wengi huja na orodha ya yaliyoshindikana tu, wakidhani ndiyo itakayowapa msaada mkubwa zaidi. Mtoto anayepanga vikombe kwa rangi ameshaanza hesabu. Anayeimba kaswida nzima kwa kichwa ana kumbukumbu ya kufundishia mengine, ila shule haitajua mpaka uiambie.

Bahasha iwe na nakala za cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki, karatasi zote za hospitali hata zilizochakaa, majina ya dawa na vipimo vyake, majibu ya macho na masikio, na kama alishasoma kwingine, ripoti ya maendeleo na namba yake ya PREM, ile ya usajili wa mwanafunzi. Toa nakala tatu. Halisi hazitoki nyumbani.

Macho na masikio yapimwe kabla ya kikao. Darasani wapo wanaoitwa wazito kumbe hawaoni ubao. Kwa mjini anzia hospitali ya Bombo, na kipimo kisipopatikana omba rufaa, usiridhike na "atakua tu".

Nani aende? Anayemwogesha na kumlisha. Kama ni bibi yake, bibi aende, hata kama baba ndiye mwenye kusaini.

#2 Mama wa Sahare

Ahsante sana mwalimu. Wa kwangu ana usonji, miaka 7, haongei. Sasa kwenye huo mpango kinaandikwa nini hasa? Na lengo linaandikwaje? Tulioandikiwa ni "ataboresha mawasiliano na kujitegemea", basi.

#3 Mwalimu wa Kitengo

Mama, hilo mliloandikiwa ni dua njema. Huwezi kulipima, kwa hiyo mwisho wa mwaka kila mtu atasema limefikiwa au halikufikiwa kwa jinsi alivyoamka siku hiyo.

Lengo liwe na tendo linaloonekana, mazingira, kiasi na tarehe. Hivi: "Ifikapo mwisho wa Juni, akitaka maji atampa mwalimu kadi ya maji bila kukumbushwa, mara 4 kati ya 5, siku tatu mfululizo." Chini yake jina la atakayehesabu na mahali anapoweka alama. Malengo matatu kwa muhula yanatosha, matano ndiyo mwisho. Darasa lina watoto sabini. Ukidai malengo kumi na mawili hutapata hata moja.

Mpango wenyewe karatasi moja mbele na nyuma inatosha: anachoweza sasa, malengo, nani anafanya nini shuleni na nani nyumbani, vifaa, marekebisho ya ukaaji na ya mtihani, tarehe ya kuupitia, sahihi. Usisaini pakiwa na nafasi tupu "nitajaza baadaye".

Kwa asiyeongea, kadi za picha. Piga picha kikombe chake mwenyewe, si kikombe cha kwenye kitabu. Print, kata mraba wa sentimita 7 hivi, gandisha kwenye boksi gumu, funika kwa selotepu pana pande zote mbili maana jasho la Tanga litaila wiki ya kwanza. Anza na kadi mbili: anachokipenda sana na asichokijali, ili ajue kuchagua kuna tofauti. Ishirini kwa mpigo zinamchanganya. Kinachoharibu kazi hii karibu kila mara ni kadi kufungiwa kwenye droo ya mwalimu. Zining'inie kiunoni kwake kwa kamba, na seti nyingine kama hiyo ibaki nyumbani.

Tabia nazo zipelekwe kikaoni kwa safu tatu: kabla kulitokea nini, akafanya nini, baada ya hapo akapata nini. "Anapiga kelele ovyo" ukiiweka kwenye safu hizo kwa siku tano unaweza kukuta anapiga kelele saa 4 kasoro tu, yaani kengele ikigongwa. Kengele zetu nyingi ni rimu ya gari imetundikwa mwembeni na inagongwa kwa nondo, hatua chache na dirisha la darasa. Hapo marekebisho ni kumwonyesha kadi ya kengele dakika moja kabla, au kumpa kazi ya kwenda na mgongaji ili mlio usimshtukize. Ama kumhamisha mbali na dirisha hilo. Hakuna kati ya haya kinachohitaji bajeti.

Na kujitegemea anzeni kwa nyuma. Vifungo vya shati: mzazi afunge vyote, cha mwisho akiingize nusu tundu, mtoto avute kitokeze. Akiweza hicho siku kadhaa, mwachie cha mwisho chote, kisha viwili. Kila mara anamaliza yeye. Mkianza na kifungo cha kwanza atachoka njiani, na ninyi mtamalizia kwa haraka kwa sababu bajaji inapiga honi nje.

#4 Mzee wa Ustawi

Mwalimu amesema yote ya darasani, mimi niongeze ya karatasi.

Msiombe kikao kwa mdomo getini. Andika barua kwa mwalimu mkuu, aya mbili: mtoto nani, darasa gani, unaomba kikao cha kupanga mpango wake binafsi wa elimu, unapendekeza tarehe mbili. Nakala kwa Afisa Elimu Maalumu wa halmashauri. Peleka barua mbili zinazofanana, moja wapokee, ya pili wakugongee muhuri wa kupokelewa na tarehe. Bila muhuri, mwalimu mkuu akihama wewe ni mgeni tena.

Mkikwama: Afisa Elimu Kata, halafu Afisa Elimu Maalumu, halafu Mkurugenzi. Afisa Ustawi wa Jamii aingizwe pale penye suala la malezi, unyanyasaji au mtoto kufichwa. Wa Muheza, Pangani na Mkinga mnaanza kwenye halmashauri zenu, msije mjini Tanga kupoteza nauli.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya 2010, kifungu cha 27, inampa mtu mwenye ulemavu haki sawa ya elimu katika mazingira jumuishi, yaani pamoja na wenzake wasio na ulemavu. Itaje kwa adabu mstari mmoja kwenye barua. Ukiingia nayo kama upanga, utapewa kiti cha nyuma na majibu mafupi.

#5 Baba wa Duga

Shemeji yupo Marekani katutumia fomu ya mpango kama huu ya kule, kurasa 14, anasema tuijaze tuwape shule. Wadau?

#6 Mzee wa Ustawi

Baba, isome upate mawazo, usiipeleke. Kule shule inabanwa na IDEA, sheria yao ya elimu ya watoto wenye ulemavu: mpango lazima upitiwe angalau mara moja kwa mwaka, tathmini mpya angalau kila miaka mitatu, na mzazi asiporidhika ana njia rasmi ya kudai. Ile fomu ni ndefu kwa sababu ni ushahidi wa kisheria. Hapa nguvu ya mpango ni maelewano kati yako na mwalimu, na maelewano hayaji kwa kurasa 14. Chukua sehemu ya "anachoweza sasa" na ya malengo, mengine yaache hukohuko.

#7 Muuguzi wa Watoto

Upande wa afya, wenye kifafa na wenye mgongo wazi wapate karatasi ya pekee, ibandikwe ndani ya kabati la darasa, isiwe ndani ya faili.

Kifafa, andikeni hivi: angalia saa degedege linapoanza. Ondoa vitu vigumu karibu, weka kitu laini chini ya kichwa, usimbane viungo. Usimtie kitu mdomoni, iwe kijiko, kitambaa au maji. Likiacha mlaze ubavu. Likizidi dakika 5, au likirudi kabla hajapata fahamu, hospitali moja kwa moja, simu ya mzazi ipigwe njiani. Kiatu puani, kitunguu na njiti ya kiberiti havizimi degedege, hupoteza muda tu. Waambieni na viranja, maana mwalimu si mara zote yupo.

Daftari la mzazi lionyeshe tarehe, saa, muda, mwili ulianza kukakamaa upande gani, na alilala muda gani baadaye. Kuna degedege lisiloangusha: mtoto anakodoa macho sekunde kadhaa, anarudi. Darasani huitwa kuota ndoto za mchana na huchapwa. Liandikeni wazi kwenye mpango.

Dawa nyingi za kifafa huweza kupangwa asubuhi na usiku ili zisiende shuleni, mwulizeni daktari. Msiache ghafla kwa sababu "amepona". Ikifika Ramadhani na nyumba nzima ratiba imehama, dozi isihame nayo bila kumwuliza daktari. Dawa ikimlaza masomoni, andika saa anazosinzia umpelekee daktari, na hesabu iwekwe saa aliyo macho.

Mgongo wazi: wengi wanatoa mkojo kwa katheta, ule mpira mwembamba, kila saa 3 hadi 4, yaani angalau mara moja ndani ya saa za shule. Mpango utaje chumba chenye mlango unaofunga, maji, sabuni, nani anamsaidia hadi atakapoweza mwenyewe, na nani zamu siku mtu huyo hayupo. Hili la mwisho husahaulika, na siku hiyo mtoto anarudishwa nyumbani au anapata maambukizi.

#8 Mdau wa Mabawa

Mimi naona mnazunguka. Mpelekeni shule zenye vitengo vya elimu maalumu, huko ndiko wanakojua. Haya ya jumuishi ni kumtesa mtoto.

#9 Mwalimu wa Kitengo

Mdau, inategemea ni mtoto gani. Kiziwi asiye na lugha yoyote akiwekwa peke yake kati ya watoto sabini wanaosikia, kweli anateseka. Huyo anahitaji wenzake wa lugha ya alama. Mtoto asiyeona kabisa anahitaji mwalimu wa breli, maandishi ya nukta yanayosomwa kwa vidole, na mkoa huu shule ya wasioona ya Irente kule Lushoto ipo kwa ajili hiyo. Lakini mwenye mtindio wa ubongo unaomshika miguu tu, akili yake inachanja mbuga, ukimpeleka kitengo cha ulemavu wa akili umemwibia darasa.

Kabla ya kuamua, tembelea kitengo siku ya kawaida saa 3 asubuhi, bila taarifa kubwa. Angalia watoto wanafanya nini mkononi, si kuta zimebandikwa nini. Uliza walimu wangapi wamesomea elimu maalumu na wapo kituoni kweli. Kama ni bweni, uliza matroni wa usiku ana watoto wangapi.

#10 Fundi Masikio

Kwa wanaovaa shime sikio, yaani kifaa cha kusaidia kusikia, kuna mengi hayaandikwi kwenye mpango halafu kifaa kinaishia kabatini.

Asubuhi kabla ya sare: simama nyuma ya mtoto hatua mbili, funika mdomo, tamka moja moja "m, u, a, i, sh, s". Anyanyue mkono kila anaposikia. Akikosa "s" na "sh" leo wakati jana alisikia, betri inaisha au kuna nta. Dakika moja tu, na mwalimu afundishwe kuifanya.

Kikipiga mluzi, kipande kinachoingia sikioni hakijabana. Mtoto anakua, sikio linakua. Mdogo anaweza kuhitaji kipande kipya hata kila miezi sita. Watu wengi hupunguza sauti ili mluzi uishe, na hapo mtoto hasikii tena chochote cha maana.

Betri zile za duara zenye karatasi ya rangi: ukibandua acha dakika moja ndiyo uweke, zinataka hewa. Hukaa wiki moja hadi mbili kwa kutegemea aina na matumizi. Mpango useme akiba inakaa kwa nani. Usiku fungua mlango wa betri, kiweke kwenye kopo lenye kifuniko na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu. Hewa yetu ya baharini haina huruma na vifaa hivi.

Kukaa: mstari wa mbele, mwalimu awe ndani ya mita mbili, dirisha lenye mwanga liwe nyuma ya mtoto ili limulike uso wa mwalimu. Mwalimu asiongee akiandika ubaoni. Hapo kwenye mpango pasomeke "mwalimu atageuka kwanza", mstari wake wenyewe.

#11 Mwashi wa Chumbageni

Rampu. Nimeona nyingi zimejengwa kwa moyo mwema na hazipandiki. Kipimo ni 1 kwa 12. Ngazi moja ya sentimita 15 inataka rampu ya mita 1.8. Ngazi tatu, sentimita 45, mita 5.4. Wanaojenga ya mita mbili kwa ngazi tatu wametengeneza utelezi. Juu paachwe pa bapa mita 1.5 kwa 1.5 kigari kigeuke mlango ukifunguliwa. Sakafu isisuguliwe ikawa kioo. Ipigwe ufagio mgumu ikiwa mbichi. Kingo za pembeni zinyanyuke sentimita 10 gurudumu lisitoke. Mlango usipungue sentimita 80 za wazi.

Uwanja wa mchanga nao ni tatizo: yale magurudumu madogo ya mbele huzama. Njia ya zege nyembamba toka geti, darasa, hadi choo. Choo kwanza, kwa maoni yangu. Mtoto asipoweza kufika chooni ataacha kunywa maji, kisha ataacha shule.

#12 Mama wa Sahare

Na mchana anakwenda chuo cha Qur'ani. Ustadh naye aingizwe kwenye mpango?

#13 Mwalimu wa Kitengo

Aingizwe, mama. Mpe nakala ya kadi zile zile na ukurasa wa "kinachomtuliza, kinachomkwaza". Mtoto akijifunza ishara moja ya choo shuleni na nyingine chuoni, zote mbili zitapotea. Pia hesabu uchovu: aliyetoka shule saa 8 na chuo saa 9, kazi ya nyumbani ya dakika 10 inamtosha.

#14 Msimamizi wa Mitihani

Kuhusu mitihani, msisubiri darasa la saba. Mahitaji ya mtahiniwa hutajwa wakati wa usajili, kwa hiyo tangu la tatu hakikisha shule inajua, kwani la nne kuna upimaji wa taifa. Baraza la Mitihani (NECTA) huongeza dakika 10 kwa kila saa kwa masomo mengine na dakika 20 kwa kila saa kwa Hisabati kwa wenye mahitaji maalumu. Kuna karatasi za maandishi makubwa kwa wenye uoni hafifu, na za breli.

Ila muda wa ziada bila mazoezi ni bure. Mtihani wa muhula wa shule utolewe vilevile. Mtoto aliyezoea kunyang'anywa karatasi kengele ikilia, siku ya taifa ataifunga mwenyewe mapema.

Wenye ualbino: mpango umruhusu kunyanyuka kwenda kusoma ubaoni bila kuomba ruhusa kila mara, kitabu asichangie na wawili maana anakisoma puani, kofia avae hata paredi, mikono mirefu. Mafuta ya kukinga jua yapakwe tena saa ya mapumziko, si asubuhi tu.

#15 Baba wa Duga

Tumefanya kikao, tumesaini. Mwalimu wa darasa kapata uhamisho. Mpya anasema hana habari na mpango wowote.

#16 Mzee wa Ustawi

Ndiyo maana nilisema nakala. Mpelekee yako wiki hii, usimlaumu, yeye hakukuta kitu. Mwombe dakika 20 baada ya vipindi, mpitie malengo tu, mengine atasoma. Kila lengo mwulize: hili utaliweza kwenye darasa hili? Akisema hapana, punguzeni kiasi hapo hapo, mara 4 iwe 3, muweke tarehe mpya na sahihi yake. Kisha nakala moja ikae ofisi ya mwalimu mkuu, maana kabati la darasa huondoka na mwenye ufunguo.

#17 Baba wa Duga

Sawa mzee wangu. Na kuupitia upya ni lini?

#18 Mwalimu wa Kitengo

Wiki ya sita tangu aanze nao, kikao kifupi, kuona kama alama zinawekwa kweli. Halafu kabla ya likizo ya Juni na kabla ya Desemba. Njoo na daftari lako, naye aje na lake, mlinganishe. Nyumbani 5 kati ya 5 na shuleni 0 kati ya 5 ina maana mtoto anaweza ila kuna kitu darasani kinamzuia, kelele au kiti au anayekaa naye. Yote mawili yakiwa 0, lengo lilikuwa kubwa, likateni.

#19 Mama wa Sahare

Mwalimu, hizo selotepu pana zinapatikana wapi, za stationery zote nyembamba.

#20 Fundi Masikio

Mama, uliza maduka ya vifungashio, ile ya kufungia maboksi, ya uwazi isiyo ya kahawia. Roli moja inafunika kadi nyingi tu.